Gari la Mzee Lililokataa Sabato

Kwa Mzee Ogeto,
Gesima, kupitia Keroka.
Jumapili, 3 Agosti 2025.

Mpendwa wifi yangu Ruth,

Nakusalimu kwa mikono miwili, tena kwa sauti ya juu, ili salamu zifike Saskatoon kabla hazijaganda njiani. U mzima? Yale maumivu ya mgongo uliyoyapata kwa kuwageuza wagonjwa wodini yamepungua, au bado unajidai ni uchovu tu? Sisi huku tu wazima. Mvua ilichelewa, kisha ikaja na baridi yake yote. Majani chai yamechangamka na watu wanavaa sweta hadi saa sita mchana. Purity wetu amepoteza meno mawili ya mbele na anakusalimu kwa pengo. Kaka yako Nyangau bado yuko Lodwar na kazi yake ya kutibu mifugo, anachomwa na jua wakati sisi tunaota moto, na atakuja mwisho wa mwezi.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Duncan, kijana wa mwalimu mkuu wetu, anasafiri Jumanne kuja kusoma huko huko kwenu, nami nimemfungia unga wa wimbi na mboga ya saga iliyokaushwa akuletee. Nikaona barua nayo itapata nafasi. Tena nikikuandikia kwenye simu unasoma huku unakimbilia basi, na mambo haya nataka uyasome umeketi. Kikisii changu cha kuandika bado kinachechemea, kwa hiyo vumilia Kiswahili cha mtoto wa Ahero.

Jambo lenyewe ni gari la Baba. Mwezi wa sita uliniambia, mwache aliuze apumzike. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sasa nakujibu, na jibu ni refu.

Wewe umelijua tangu ukiwa mtoto. Mimi nililikuta limeshazeeka: gari la mbio la mwaka wa sabini na nne, milango miwili, viti viwili, limekaa chini hivi kwamba majirani wanaliita Engoko, kwa vile linafanana na kuku anayeatamia. Najua Baba alilipata kwa Mhindi wa Kisumu aliyechoka na mashindano, enzi zile Baba akiendesha lori la majani chai. Najua pia kwamba kwa miaka arobaini limekuwa na kazi moja tu, kumpeleka yeye na Mama kanisani kila Sabato. Ambalo huenda hulijui ni kwamba tangu tumzike Mama miaka miwili iliyopita, Baba hatoki nyumbani ila siku hiyo na kwa gari hilo. Siku zilizobaki anaketi na redio yake.

Basi gari likaanza kukataa. Asubuhi ya Sabato anageuza ufunguo, stata inazunguka weee, injini inakohoa mara moja na kunyamaza. Likibahatika kuwaka linatoa moshi mweusi, mngurumo unapanda na kushuka kama mtu anayetafuta sauti ya wimbo, kisha linazima kabla halijafika langoni. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Mwezi wa saba likakataa Sabato tatu mfululizo, tarehe kumi na mbili, kumi na tisa na ishirini na sita. Mara ya tatu wazee wa kanisa waliokuwa wakipita na Biblia zao walilisukuma na suti zao hadi barabarani. Sijui kama kusukuma si kazi, sikuuliza. Halikuwaka. Baba akashuka, akafunga mlango polepole, akarudi ndani na kuvua koti. Hakwenda kanisani siku hiyo.

Kesho yake akaja Onyancha, yule wa mjini Kisii anayekodisha magari ya harusi. Amelimezea mate Engoko miaka mingi. Baba alimpa kiti nje, akamwambia arudi Jumapili inayofuata. Sabato likiwaka, atakunywa chai na kwenda zake. Likikataa, atakabidhiwa ufunguo na asiulizwe kitu. Niliyasikia hayo nikiwa ng'ambo ya ua na beseni la nguo mbichi, na nikasahau nilikuwa nakwenda kuanika. Wifi, niliogopa. Niliona Baba akibaki na redio siku zote saba.

Kilichonichoma zaidi ni maneno aliyokuwa amemwambia Ouma wiki mbili kabla. Ouma ni makanika wa Masimba, Mjaluo mwenzangu, ndiye anayelishughulikia gari siku hizi.

“Hii gari ilikuwa ya mama yao,” Baba alimwambia. “Imejua hayupo.”

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilitaka kupuuza, nikashindwa, kwa sababu takwimu za Baba zilikuwa sahihi. Mama alipokuwa hai gari halikuwa na shida. Shida ilianza wiki chache baada ya mazishi. Na linakataa siku ile ile waliyokuwa wakisafiri pamoja. Nisingeweza kumwambia anakosea bila kuwa na maelezo bora kuliko yake, nami sikuwa nayo. Tangu siku hiyo swali likanikaa kichwani nikifundisha, nikipika, nikisali.

Sasa fikiria ugumu wangu. Chinsoni! Wewe ulizaliwa ndani ya heshima hiyo, mimi niliingia kama mtu anayeingia chumba cha mtihani. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaketi karibu, hawahojiani uso kwa uso, hawapeani kitu mkononi. Wengi wamelegeza siku hizi. Hapo kwa jirani wanakula meza moja na kutaniana. Baba hajalegeza, na mimi kwa kuwa mgeni naishika mara mbili ili nisisemwe. Miaka kumi na mmoja sijawahi kuketi ndani ya gari lile, maana viti vyake viko goti kwa goti. Nililichunguza kwa nje, kama daktari anayemtibu mtu kupitia dirisha. Nikiwa na swali nampa Ouma, Ouma anampelekea Baba hatua kumi mbele, Baba anajibu kwa sauti ninayoisikia vizuri kabisa, kisha Ouma anarudi kunipa jibu lile lile. Siku ya kwanza maskini alidhani tumegombana.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa baridi. Ni wewe uliyenitia wazo hilo, uliponisimulia kwamba huko kwenu magari huchomekwa kwenye umeme ili injini zisigande. (Bado nina maswali juu ya hilo. Waya unapita wapi? Na mtu akisahau akaondoka nao?) Nikasema, Gesima si Saskatoon, lakini mwezi wa saba maji ya bomba hapa yanakata vidole. Nikachukua kipimajoto cha maabara, nikakitundika kwenye nguzo ya banda la gari, nikawa naandika kila asubuhi. Ouma naye akabadilisha plagi zote sita, akasugua pointi, akachaji betri, akaupaka mafuta waya wa choki, ile wanayoivuta ili injini baridi ipate petroli zaidi. Ijumaa ya tarehe kumi na nane Baba akaifunika injini kwa magunia, kwa ushauri wangu uliopitia kwa Ouma. Sabato likakataa limevaa magunia.

Halafu daftari langu lenyewe likanisuta. Jumatano, tarehe ishirini na tatu, kipimajoto kilisema nyuzi tisa, na Ouma aliliwasha kwa jaribio la pili. Sabato ya ishirini na sita ilikuwa nyuzi kumi na mbili, na wazee walisukuma bure. Kama mkosaji ni baridi, Jumatano ndiyo ingegoma. Nilipomwonyesha Ouma alikuna kichwa.

“Mwalimu, basi hii gari imeokoka,” akasema. “Inashika Sabato kuliko nyinyi.”

Nilicheka mpaka Baba akageuka kule alikokuwa. Lakini nilipokuwa nikichambua mboga nikaona kwamba mzaha wa Ouma una swali zuri ndani yake. Sabato ina nini ambacho Jumatano haina?

Ndipo nikaliona kosa letu, na nadhani ni watu wa nyumba kama hii tu wanaoweza kulifanya. Gari linaugua siku ambayo hatuwezi kulichunguza. Boneti haifunguliwi Sabato. Baba hamruhusu hata Ouma, ambaye ni Mwanglikana, kushika spana ndani ya boma hili siku hiyo. Kwa hiyo Ouma anaitwa Jumapili. Kufikia Jumapili limesharudishwa bandani, limekaa mchana na usiku mzima, na linawaka kana kwamba tulilisingizia. Ouma alikuwa akiitiwa mgonjwa aliyekwisha pona, nasi tunamlaumu kwamba haoni ugonjwa. Nilimwomba Ouma ahesabu, tukakuta ameitwa hivyo mara saba.

Nikajilazimisha kukumbuka kila kitu cha Sabato ile ya tatu. Nilipita kando ya gari wazee walipokuwa wakivua makoti ili wasukume. Kunusa si kazi, na pua yangu ilinusa petroli, kali, kama umesimama kwenye pampu pale Keroka. Gari lenye njaa halinuki hivyo. Lile lilikuwa limeshiba hadi kutapika. Na lilikuwa limelala wapi? Pua chini, kwenye mteremko wa langoni kando ya shamba la chai, mawe mawili yamezuia magurudumu.

Utauliza nimewezaje kuishi hapa miaka yote hii bila kujua gari linalala wapi. Ni Ijumaa, wifi! Jua likianza kushuka kila mtu ana mbio zake. Mimi napika vya kesho, napiga pasi, nasugua viatu vya Purity. Baba naye huliandaa gari kama mlivyozoea, analitoa bandani na kulifuta, maana Sabato haianzi kwa kuhangaika na milango ya mabati. Sikuwahi kusimama kuangalia analiacha wapi. Mke wa mwana hamkodolei macho baba mkwe.

Nikampigia simu Nyangau, nikamuuliza, enzi za Mama gari lililala wapi Ijumaa? Unamjua kaka yako. Akifunguliwa boneti hutazama injini kama mtu aliyekuja kutoa pole. Lakini hili alilijibu bila kufikiri. Mlangoni pa jiko la Mama, nyuma ya nyumba kubwa. Mama hakuutaka mteremko kwa sababu ya magoti yake. Alitaka atoke jikoni na sufuria yake ya chakula cha kanisani, hatua tatu, aingie.

Baada ya mazishi Baba hakuwa na wa kumsubiri mlangoni, wala wa kumsaidia kusukuma likigoma. Akaanza kulipeleka mteremkoni, ili likisumbua achomoe mawe na liteleze lenyewe. Nilipolielewa hilo nilikaa kitandani na simu mkononi, nikamhurumia kuliko siku ya mazishi.

Lakini kuelewa si kuthibitisha. Jumanne iliyopita nilimwomba Ouma alilaze gari mteremkoni makusudi, nusu kwa ajili ya Baba na nusu kwa ajili ya sayansi. Baba aliruhusu bila kuuliza sababu. Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukafungua boneti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa Engoko unainama hadi goti linalowa umande. Plagi zilitoka zimelowa chepechepe. Ouma akaifungua kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, akanitolea kisindano kidogo kisichozidi urefu wa ukucha wangu wa gumba. Kazi yake ni kuziba petroli kabureta inapojaa. Ncha yake ilikuwa imelika, ina mfereji mwembamba kuizunguka, unauhisi kwa ukucha kabla hujauona.

Basi ni hivi. Gari likiwa tambarare, kisindano hicho kibovu kinavuja kidogo tu, na linawaka, ingawa mngurumo wake una kigugumizi. Likilala pua chini, tangi liko nyuma na juu, kabureta iko mbele na chini. Petroli inateremka tone baada ya tone hadi asubuhi injini imezama. Ndiyo maana likakataa, ndiyo maana likanuka, ndiyo maana likatoa moshi mweusi. Hata kile kigugumizi kilitoka hapo hapo, petroli kuizidi hewa. Ouma amekuwa akizungusha skrubu za kabureta miezi yote hii kukitafutia dawa, kumbe anazidi kuvuruga. Alilikubali mwenyewe, na mafundi hawakubali ovyo.

Nilikaa kwenye nyasi nikajicheka. Miaka tisa nimewafundisha watoto wa kidato cha pili jinsi kimiminika kinavyoteremka kutafuta usawa, kikaja nyumbani kwangu kikinuka petroli nisikitambue.

Furaha yangu haikudumu hadi chai ya saa nne. Kisindano cha gari la umri ule hakipatikani Kisii wala Kisumu. Ouma ameagiza Nairobi, na kikipatikana kitachukua wiki mbili au tatu. Sabato ilikuwa siku tatu mbele, na Onyancha anakuja Jumapili. Kwa sasa dawa ilikuwa moja tu, lisilale pua chini. Nawe unajua boma letu lilivyoinama. Mahali tambarare ni pawili, bandani na mlangoni pa jiko la Mama.

Ouma akaenda na ujumbe. Nilimwona Baba akisikiliza mikono nyuma.

“Gari ya Sabato hailali kwa banda,” akasema. Ouma akamtajia pale pengine. Baba akatikisa kichwa. “Pale hapana.”

Ouma alirudi akijifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. “Mwalimu, sindano naiweza,” akaniambia. “Hii ingine si ya spana.”

Nilingoja Alhamisi nzima nikitumaini Baba atabadili nia. Sikumwona hata akikaribia banda. Ijumaa saa tisa alasiri aliliviringisha nje, akaanza kulifuta, uso wa gari ukiangalia mteremko. Niliacha chapati jikoni kwangu nikavuka ua. Mficha uchi hazai, wifi, ingawa methali hiyo sidhani ilitungwa kwa ajili ya mbele ya baba mkwe. Nilisimama upande wa pili, gari likiwa kati yetu, nikatazama taa zake badala ya kumtazama yeye.

“Baba,” nikasema, “gari haijakukataa. Imekuwa ikilala vibaya.”

Aliendelea kufuta. Kisha akaniuliza, na hilo ndilo swali la kwanza kuniuliza tangu niolewe hapa: “Tangu lini?”

“Tangu uitoe kwa mlango wa jiko.”

Nikamweleza kisindano, tangi na mteremko, kwa Kikisii changu kibovu, nikitumia mkono kuonyesha juu na chini. Alisikiliza. Kitambaa chake kilibaki mahali pamoja pa boneti, kikifuta pale pale.

“Nikiiweka pale nitakuwa nasubiri nani?” akauliza.

Nililia mbele ya baba mkwe, na sijui chinsoni inasemaje juu ya hilo. Yeye aligeuka akatazama shamba la chai hadi nilipomaliza. Nilirudi jikoni nikakuta chapati tatu zimekuwa mkaa. Jua lilipokuwa likigusa mlima niliisikia injini. Sikuchungulia, lakini masikio hayana adabu. Haikuteremka kuelekea langoni. Ilizunguka nyuma ya nyumba kubwa, ikapanda kidogo, ikazima.

Jana kipimajoto kilisema nyuzi nane, baridi kuliko siku zote nilizoandika. Purity na mimi tulikuwa tumeshavaa, tukajifanya tunatafuta mwavuli kibarazani ili tuone. Baba alitoka na koti lake la kijivu. Akaingia, akavuta choki, akageuza ufunguo. Stata ilizunguka mara mbili, Engoko akawaka! Kigugumizi kilikuwepo, lakini alikibembeleza kwa mguu, akaiacha injini ipate joto, akarudisha choki kidogo kidogo. Mkono wangu ulikuwa umembana Purity bega hadi akalalamika.

Kisha alifanya kitu ambacho nataka ukijue. Unakumbuka kitasa cha nje cha mlango wa kushoto kilivunjika ukiwa bado shuleni, ndiyo maana Mama alikuwa akisimama pale na sufuria akisubiri afunguliwe kutoka ndani. Jana Baba aliinama kushoto akaufungua. Labda ni mkono uliozoea, labda si hivyo. Uliachwa wazi kwa muda, injini ikinguruma, jiko limefungwa. Hatimaye akaurudisha, akateremka kwenda kanisani. Alirudi saa kumi jioni na wazee wanasema aliimba.

Leo Onyancha amekuja na viatu vyake vinavyong'aa. Amekunywa chai vikombe viwili, amekula ndizi za kuchemsha, amelizunguka gari mara tatu akasifu rangi, na amekwenda zake. Nilimwonea huruma kidogo, ila si sana.

Sasa linalokuhusu wewe. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako nimeliweka. Najua kwa nini ulitaka gari liondoke. Uliwahi kuniambia kwamba ukirudi hutaweza kuliona limesimama na kiti cha kushoto kitupu. Na najua kwamba tangu mazishi yale uliyoyakosa kwa sababu ya vibali vya kusafiri, kila nikikwambia uje unaniuliza kwanza, Baba anasema nini? Sikuwahi kuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Nisamehe kwa hilo. Niliogopa.

Ouma anakusalimu ingawa hamjuani, anataka kujua kama huko kuna fundi anayejua kabureta au wote wanatumia kompyuta. Nyangau anakusalimu, anasema usimsahau kwa soksi nzito hata kama Lodwar haina kazi nazo. Purity anauliza kama theluji inalika. Wazee wa kanisa wanakuombea, nami pia, kwamba Mungu aulinde mgongo wako, mikono yako na barabara zako zenye barafu.

Nilitaka kufunga hapo. Lakini nilipokuwa nikiandika kibarazani Baba alipita, akasimama hatua zake kumi, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akaangalia kule nyuma, jikoni. Halafu akasema niongeze haya, na nimeyaandika neno kwa neno, nikiyageuza tu kutoka Kikisii:

“Mwambie kitasa cha nje bado kimevunjika. Akija asihangaike nacho. Nitamfungulia kutoka ndani.”

Wifi yako akupendaye na kukungoja,
Pam